Waifai Katika Nyumba ya Mawe: Ripita, Meshi, Waya wa Umeme au Kebo?

Mpwa wangu husoma masomo ya chuo kwa njia ya mtandao akiwa darini, chini ya makuti, kwa sababu huko ndiko kwenye upepo, na kwa miezi kadhaa kilio chake kilikuwa kimoja tu: "Mjomba, imekatika tena." Ruta yetu ilikuwa orofa ya chini, katika chumba cha ndani, imetiwa ndani ya kidaka cha ukutani, kwani hapo ndipo kebo ya mtoa huduma ilipoingilia na fundi hakuona sababu ya kuivuta zaidi. Laptopu ilionyesha mistari miwili ya waifai, sauti ya mhadhiri ikaja vipande vipande, kisha ikanyamaza kabisa. Tangu wakati huo nimejaribu karibu kila kinachouzwa kwa ajili ya tatizo hili, katika nyumba yetu ya Mkomani hapa Lamu na katika nyumba ya dada yangu Malindi, na hapa naziweka njia hizo bega kwa bega ili mwenye nyumba kama zetu ajue pesa zake zinakwenda wapi kabla hazijatoka mfukoni.

Kabla ya kununua chochote

Hatua ya kwanza haina gharama, na wengi huiruka. Beba laptopu mpaka ilipo ruta, ukae nayo umbali wa hatua mbili au tatu pasipo ukuta kati yenu, uitumie kwa nusu saa kwa kazi ileile inayokusumbua. Ikikatika hata hapo, hakuna kifaa kati ya vyote nitakavyovitaja kitakachokusaidia, isipokuwa pengine kimoja, nami nitakifikia mwishoni. Ichukue na simu, uiweke kando ya laptopu: ikiwa simu inafanya kazi vizuri na laptopu haifanyi, ugonjwa uko kwenye laptopu, ikiwa zote mbili zinasuasua, ugonjwa uko kwenye ruta au nje ya nyumba.

Ili kuvitenganisha hivyo viwili vya mwisho, katika Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig, uitazame anwani ya ruta (Default Gateway), ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha uandike ping -t ikifuatiwa na anwani hiyo. Majibu yakija kwa milisekunde mbili au tatu bila kukosa hata moja, safari ya hewani kutoka laptopu hadi ruta ni nzima. Baada ya hapo jaribu kuiita 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti: ikiwa ruta inajibu na hii haijibu, hitilafu iko upande wa mtoa huduma na ni wakati wa kumpigia simu, si wa kwenda dukani. Na ukiona laptopu imejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeunganishwa lakini ruta haikuigawia anwani. Mara nyingi kuizima ruta na kuiwasha tena hutosha.

Kwa upande wa laptopu yenyewe, makosa ninayokutana nayo zaidi ni mawili. La kwanza ni mpangilio wa kubana betri: katika orodha ya vifaa vya kompyuta (Device Manager), chini ya kadi ya waifai, kuna sehemu ya usimamizi wa umeme yenye alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi hiyo ili kuokoa chaji, na alama hiyo ikiondolewa, baadhi ya laptopu zilizokuwa zikikatika kila baada ya dakika kumi huacha mara moja. La pili ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, iliyopitwa na wakati au iliyobadilishwa na sasisho. Ya mpwa wangu haikuwa na kosa lolote kati ya haya. Tuliiacha amri ya ping ikiendelea, tukaibeba laptopu polepole kutoka kwenye ruta kwenda darini huku yeye akinisomea tarakimu kwa sauti: mbili, tatu, mlangoni tano, chini ya ngazi arubaini, kwenye mzunguko wa ngazi mia na themanini, na tulipokanyaga kidato cha mwisho hakukuwa na tarakimu tena ya kusoma. Hapo ndipo tulipojua kwamba adui yetu ni nyumba.

Jinsi nyumba inavyomeza mawimbi

Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hukaribia unene wa nusu mita. Upana wa kila chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita tatu, vimepangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine, na baina ya kila kimoja na mwenziwe pana ukuta mnene. Mtu akiitazama ramani ya nyumba ya namna hii ataona kwamba kutoka chumba cha ndani hadi daka la mlangoni mawimbi hutakiwa kupenya kuta tatu au nne kwa umbali ambao, katika nyumba ya matofali ya simenti, ungekuwa na ukuta mmoja tu. Tena jiwe la matumbawe lina vitundu na hunywa unyevu, na maji ni mmezaji hodari wa mawimbi ya waifai. Kidaka nacho, kwa uzuri wake wote, ni shimo ndani ya ukuta huo: ruta iliyowekwa humo huwa imezibwa kila upande isipokuwa mbele.

Kwa hiyo, katika nyumba hizi mawimbi hayapiti ukutani. Hupita milangoni, kwenye ngazi, na zaidi ya yote katika kiwanda, yaani ule uwazi wa katikati usioezekwa. Anayetaka kujaribu jambo moja tu kabla ya kutumia pesa na aitoe ruta chumba cha ndani, aiweke msanani, yaani chumba kinachofunguka kwenye kiwanda, juu ya kabati, ikitazamana na kiwanda lakini isifikiwe na mvua. Sisi tulifanya hivyo kwa kuongeza mita sita za kebo, na orofa nzima ya chini ikapona siku hiyohiyo. Darini tulipata nafuu ndogo tu.

Masafa mawili

Ruta nyingi za sasa hurusha waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na mara nyingi huyapa majina mawili tofauti kwenye orodha ya mitandao. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi na lile la gigahezi 5 lina takriban sentimita 6. Lenye urefu zaidi huvumilia kuta vizuri zaidi, na lenye urefu mdogo hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka upesi. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukiwa mbali utumie 2.4, na katika nyumba ya kawaida ushauri huo ni sahihi.

Darini kwetu, hata hivyo, nilikuta jambo nisilolitarajia. Ndani ya nyumba laptopu huona mtandao wetu na pengine wa jirani mmoja, kwa sababu kuta zilezile zinazotufungia ndani huwafungia na majirani nje. Ukipanda darini, ambako kila nyumba ina uwazi na dari za Mkomani zinakaribia kugusana, orodha hujaa mitandao ya watu, mingi ikiwa kwenye 2.4, ambayo chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Wote wanasema kwa wakati mmoja katika baraza ndogo. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi na darini huwa tulivu, ila wimbi lake haliwezi kufika huko kutoka chini. Kwa hiyo anayehitaji waifai darini hahitaji ruta yenye kelele zaidi huko chini. Anahitaji kituo cha kurushia kilicho darini penyewe. Swali linalobaki ni data itapandaje kufika kwenye kituo hicho, na hapo ndipo vifaa vinne hivi vinapotofautiana: ripita huipandisha kwa hewa, meshi huipandisha kwa hewa au kwa kebo, adapta za umeme huipitisha kwenye nyaya za taa, na kebo huipandisha kwa kebo.

Ripita

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa bei na kwa kuiweka, na ndiyo iliyonifundisha zaidi kwa kuwa nilianza kwa kuikosea. Niliichomeka darini, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mpwa wangu. Mistari ya waifai ikajaa yote, tukafurahi, na mhadhiri akaendelea kukatika kama jana. Ripita haizalishi intaneti. Husikiliza inachosikia na kukirudia, na ile yetu ilikuwa imekaa mahali ambapo yenyewe haisikii vizuri, kwa hiyo ilikuwa ikirudia kwa sauti kubwa maneno iliyoyapata nusunusu. Mahali pake si pale waifai ilipokufa, bali nyuma kidogo, pale ambapo bado ina nguvu ya kutosha, yaani kwetu ni kwenye mzunguko wa ngazi. Tatizo ni kwamba ngazi za nyumba za zamani hazina soketi, na ripita nyingi huchomekwa moja kwa moja ukutani, kwa hiyo anayeamua mahali pake ni fundi wa umeme wa miaka mingi iliyopita. Ilibidi tuvute waya wa kuongezea.

Kasoro ya pili ni ya maumbile yake. Ripita ya masafa mamoja hutumia chaneli ileile kupokea na kurusha, nayo haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hupungua kwa karibu nusu hata pale inaposikia vizuri. Yenye masafa mawili, ikizungumza na ruta kwa moja na laptopu kwa jingine, huiepuka hasara hiyo kwa kiasi kikubwa na inastahili nyongeza ya bei. Kwa kifurushi chetu cha megabiti 20 kwa sekunde, darini bila ripita tulipata megabiti 1 au pungufu, na ripita ilipowekwa ngazini tukapata kati ya 6 na 7. Kwa kusoma na kuandika inatosha. Kwa mhadhara wa video wakati watu wengine wa nyumbani wanatazama vyao, haitoshi.

Kwa dada yangu Malindi mambo yalikuwa mengine kabisa. Nyumba yake ni ya orofa moja, ya matofali ya simenti yaliyo matupu katikati, na kilichosumbua ni chumba kimoja cha mwisho wa korido. Ripita ileile niliyoilaani Lamu nilimpelekea yeye, tukaichomeka sebuleni, na tangu hapo hajaniita. Mwenye nyumba kama yake asiangalie kitu kingine.

Meshi

Meshi ni vituo viwili au vitatu vilivyotengenezwa kufanya kazi pamoja chini ya jina moja na nenosiri moja. Faida yake halisi ni adabu: vituo hushirikiana, hujipangia chaneli, na huisaidia laptopu kuhama kutoka kimoja hadi kingine, jambo ambalo laptopu zikiachwa peke yake hulifanya shingo upande, kwani uamuzi wa kuhama ni wao na nyingi hung'ang'ania kituo cha mbali hata cha karibu kinapoziita. Hasara yake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya ripita, na ukweli ambao maandishi ya kwenye boksi hayautaji, kwamba vituo vinavyozungumza kwa hewa vinakutana na ukuta uleule wa nusu mita. Katika nyumba ya mawe, meshi isiyo na kebo baina ya vituo vyake ni ripita iliyovaa kanzu ya Idi. Yenye kebo ni nzuri kweli, na kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vingi ningeichagua bila kusita.

Waya wa umeme

Kuna adapta zinazouzwa kwa jozi, moja ikichomekwa kwenye soketi karibu na ruta na nyingine mahali unapohitaji mtandao, nazo hupitisha data katika nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Niliazima jozi kwa rafiki. Ndani ya orofa moja zilifanya kazi vizuri kuliko nilivyofikiri. Kutoka chini kwenda darini hazikuonana kabisa. Sababu ilikuwa mita. Nyumba nyingi za hapa zimegawanywa baina ya ndugu au wapangaji, kila sehemu ikiwa na mita yake ya tokeni, na data ya adapta hizi haivuki mita kwa urahisi. Hesabu mita zako kwanza. Kumbuka pia kwamba hutakiwa kuchomekwa ukutani moja kwa moja, kwa kuwa soketi za kuongezea zenye kinga ya umeme huchuja na kuyafuta mawimbi yake.

Kebo na ruta ya zamani

Hatimaye tulivuta kebo, na ningekuwa na busara tungeanza nayo. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e au Cat6 hubeba data hadi mita 100 bila msaada, na safari yetu kutoka msanani hadi darini ilikuwa mita 18. Sikutoboa ukuta hata mmoja: kebo inapanda pembeni mwa ngazi, imeshikwa kwa vibanio vidogo, na mlangoni imepita chini ya kizingiti. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na anayefikiria kutoboa ukuta wa mbele au kupitisha nyaya kwenye plasta iliyochongwa anapaswa kuuliza kwanza wanaosimamia uhifadhi. Lakini hata bila sheria, chokaa ya zamani ikitobolewa kwa mashine humomonyoka kuliko ulivyokusudia.

Pima njia kwa kamba, uongeze mita mbili. Dukani omba kebo ya shaba tupu, kwa kuwa iko ya bei ya chini ambayo nyaya zake ni za alumini iliyopakwa shaba, na hiyo hukatika upesi inapokunjwa. Kuijua si kazi: ikwangue ncha ya waya mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe.

Mwisho wa kebo tuliunganisha ruta ya zamani iliyokuwa ikikusanya vumbi kabatini, na hili ndilo linaloifanya njia hii kushindana na ripita hata kwa bei. Ruta ya zamani hubadilishwa kuwa kituo cha waifai kwa kuingia kwenye mipangilio yake na kufanya mambo matatu: kuipa anwani isiyogongana na ya ruta kuu, mathalani 192.168.1.2, kuizima huduma ya kugawa anwani, ile iitwayo DHCP, ili nyumba isiwe na wagawaji wawili, na kuichagulia chaneli tofauti, ya 11 ikiwa ya chini iko kwenye ya 1. Kebo huchomekwa katika tundu moja la kawaida, si lile la pekee lililowekewa intaneti. Ukisahau hilo la mwisho utahangaika jioni nzima, kama nilivyohangaika mimi. Kuhusu jina la mtandao, waweza kuvipa vituo vyote viwili jina moja ili simu zihame zenyewe, lakini mimi darini nimepapa jina lake, kwa kuwa laptopu ya mpwa wangu ni miongoni mwa zile zinazong'ang'ania.

Matokeo darini ni megabiti 19, sawasawa na chini, na tarakimu za ping hazipandi juu ya 3. Ruta ya zamani ina matundu ya megabiti 100 tu, lakini kwa kifurushi cha 20 hilo halina maana. Udhaifu wa njia hii ni umeme: stima ikikatika, ruta mbili zinahitaji betri mbili za akiba, ilhali zamani ilihitajika moja.

Adapta ya USB, kwa wachache

Hiki ndicho kifaa nilichokiahidi: kadi ya waifai ya nje, inayochomekwa kwenye tundu la USB la laptopu. Kinawafaa wenye laptopu ambayo inasumbua hata kando ya ruta wakati simu haisumbui, yaani ambayo kadi yake ya ndani imechoka au inajua 2.4 peke yake. Hakiondoi ukuta. Ukikinunua, kichomeke kwa waya mfupi wa kuongezea badala ya kukibandika kando ya tundu la USB 3 linalotumika, kwa sababu matundu hayo yanapofanya kazi hutoa kelele inayoangukia karibu na gigahezi 2.4 na kukiziba masikio kifaa ulichonunua.

Kama mtu yuko katika nyumba ya kupanga na haruhusiwi kugongelea hata kibanio kimoja, ningemwambia achukue ripita ya masafa mawili na waya wa kuongezea wa kufikisha ngazini. Mwenye nyumba yake ya mawe na avute kebo. Ajue tu kwamba hewa ya bahari huila shaba polepole: kichwa cha kebo cha upande wa darini nimekikuta na ukijani baada ya mwaka mmoja hivi, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka, nikakikata, nikatia kipya, na sasa nimekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.